Ndungu, Ambako Usiku wa Ijumaa Una Milango Miwili

Kabla Ndungu haijawa na baa, milima ya Upare wa Kusini iliyo mgongoni mwake ilikuwa na mtungi. Dengelua, pombe ya miwa ya Wapare, ilitwangwa kinuni, maji yake yakakamuliwa, yakatiwa tunda la mwegea lililokaushwa na kuachwa yachachuke. Haikuwa kinywaji cha kila jioni. Ilikuwa ya harusi, ya tambiko na ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji au kuzibua ndiva, bwawa la maji ya umwagiliaji. Watu walichimba kwanza, wakanywa baadaye, na aliyetegea kazi alijua atakavyotazamwa akisogelea kibuyu.

Mwaka 1903 wamisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifungua kituo chao Giti, huko huko Upare wa Kusini. Walutheri nao walikuwa wameshaingia Upare. Lakini ni Wasabato waliougawa usiku wa wiki, maana Msabato hanywi, na Sabato yake huanza Ijumaa jua linapozama. Kwa hiyo saa ambayo kwingineko baa huanza kuchangamka, hapa nyumba nyingi zinafunga kazi na kuanza nyimbo.

Wakati huo sheria za wakubwa zilikuwa na hesabu yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara, na baadaye utawala wa Uingereza uliendelea na mkondo huo. Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, tena klabuni, kwa leseni na saa za kufunga. Huku chini tambarare, mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka mbali, watu wasio na shangazi wa kuwapikia pombe wala ndiva ya kuchimba. Wanawake wakawapikia kwa kuuza. Nadhani hapo ndipo usiku wa tambarare ulipozaliwa hasa: siku pombe ilipoacha kuwa shukrani ya jasho, ikapata bei.

Bia ya chupa ilichelewa. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933, lakini kutoka huko mpaka bonde hili la Mkomazi safari ni ndefu na chupa huvunjika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kiwanda kikawa chini ya serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bia ikaadimika kama sukari na sabuni. Walioishi miaka ile wanakumbuka kwamba kreti tupu ilikuwa mali: bila chupa za kurudisha, hupewi zilizojaa. Gongo, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya 1966, haikuhitaji kreti.

Kisha ikaja mpunga. Kwa msaada wa Japani, skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, takriban hekta 680 zinazonyweshwa na mto Yongoma, ilikamilika mwaka 1990. Fedha za mavuno huja kwa mkupuo, na usiku hufuata fedha. Viti vya plastiki, jiko la mkaa, mishikaki, friji inayonguruma na spika iliyo kubwa kuliko chumba: hiyo ndiyo baa ya mji wa mpunga. Mavuno yakipita, spika hupungua sauti yenyewe.

Msomaji wa magazeti ya Ulaya atauliza kokteli iko wapi. Nairobi wana Dawa, vodka yenye ndimu na asali iliyopata umaarufu katika mgahawa wa Carnivore. Huku mchanganyiko ni Konyagi na soda ya tangawizi, bila mwamvuli wa karatasi, na mpimaji ni jicho la mnywaji. Zamani kidogo ilitosha kurarua kiroba, mpaka serikali ilipopiga marufuku pombe za vifuko Machi 2017 na kuwarudisha wengi kwenye chupa ya kuchangiana.

Jumamosi jua likizama, Sabato inakwisha na duka la Msabato linafunguliwa tena. Huenda mteja wake wa kwanza amefuata soda ya kuchanganyia.