Uanaume si Uume

Mwongozo mmoja wa makocha wa soka ya wasichana, ulionifikia hapa Kilifi, una sura nzima iitwayo "Uume katika Michezo". Ndani yake tabia ya mwanamume anayejijenga kwa kuonea wengine imepewa jina "uume wenye sumu". Nilimwona kocha wa kike, mbele ya wasichana wake, akikiruka kichwa hicho asikisome. Lugha yake anaijua kuliko jopo lililomwandikia mwongozo huo.

Hoja ya jopo naijua. Nilipopeleka pendekezo la "uanaume" lilirudishwa, eti ni refu, na eti kanuni imekwisha kutupa jibu: mtoto hutoa utoto, mzee hutoa uzee, basi mume atoe uume. Kanuni ni sahihi, ila neno hilo lina kazi tayari. Katika zahanati na vitabu vya baiolojia uume ni kiungo cha mwili, sawa na uke, na msemaji yeyote kutoka Vanga hadi Kiunga atalisikia hivyo kwanza. Jopo halikuuliza msemaji.

Mzizi wenyewe ni wa kale na una heshima zake. Wagiriama husema mulume pale sisi tunaposema mume; l yetu ilidondoka njiani. Ilipokutana na n ikawa d, kama ulimi unavyozaa ndimi, ndipo tukapata ndume, na dume. Mkono wa kulia ukaitwa wa kuume, na jamaa wa upande wa baba wakawa wa kuumeni. Mume katika ushairi wa kale aliweza kuwa shujaa tu, bila kutajwa mke wala ndoa. Dume lilibaki kwa wanyama, na linapohamishiwa kwa watu hubeba ukali: ndiyo "mfumo dume", na ndiyo "jikedume", jina analopigiwa msichana wa Malindi akivaa bukta na njumu.

Wapo wanaotaka "urijali". Mmoja wao, mshairi ninayemheshimu, hunikumbusha kwamba rijal ni wingi wa rajul, mwanamume kwa Kiarabu, na kwamba mzizi huohuo huzaa rijl, mguu. Basi lipo neno gani la kufaa soka kuliko hilo? Nasaba ni nzuri. Lakini rijali wa mitaani kwetu ni yule wa matangazo ya waganga ukutani, ya dawa za nguvu za kiume. Tutakuwa tumetoka chumbani na kurudi chumbani.

Mimi nashikilia uanaume, na sababu yangu ni "mwana". Ndani ya mwanamume asili yake huenda ni mtoto wa kiume tu, sikatai. Lakini Kiswahili kimelifikisha mbali neno hilo: mwanamaji, mwanasheria, mwanamichezo, mwanachama. Mwana wa aina hii hakuzaliwa hivyo. Aliingia, akafunzwa, akakubaliwa. Uanaume basi unakaa safu moja na uanachama, na uanachama una masharti, na masharti hubadilishwa na wanachama wenyewe. Uume haubadilishwi na mkutano wowote.

Haya si mabishano ya wapenda kamusi peke yao. Shirika la soka ya wasichana la Moving the Goalposts lilipoanza hapa Kilifi mwaka 2001, mpira ulihesabiwa kuwa moja ya masharti ya kuwa mwanamume: uwanja wa jioni ni wa wavulana, ndoo na kuni ni za dada zao. Wasichana wakaingia uwanjani, wakashika filimbi, wakafundisha, wakaendesha ligi zao wenyewe. Mwaka 2024 Junior Starlets wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, lile la wasichana chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika. Sharti moja limeondoka. Baba wa Ganze au Magarini anayesimama pembeni mwa uwanja kumshangilia binti yake hakupungukiwa na chochote mwilini. Ukimwambia kwamba kinachozungumzwa ni uume wake, na kwamba una sumu, umemfukuza kabla hujamfikia. Na huyo ndiye tunayemhitaji, maana ndiye atakayempa bintiye ruhusa ya kwenda mazoezini. Jopo liliona urefu wa neno, halikumwona baba huyu. Hilo sijalisamehe.

Kwa matumizi: uanaume ni wa ngeli ya U, hauna wingi, andika "uanaume wa ubabe" pale wanapoandika uume wenye sumu, na "uanaume wa haki" kwa kinyume chake. Neno uume libaki katika sura ya afya ya mwili, nalo lisomwe huko kwa sauti.