Nani alipe gharama ya chombo cha kazi?

Mtu akiajiriwa kulima shamba la mwingine, naye akapewa jembe, je, bei ya jembe hilo ikatwe katika mshahara wake? Wengi watajibu: hapana, kwa maana shamba si lake, wala mavuno si yake. Lakini jembe likiwa kamio kubwa ya bei ya dola 100,000, jambo hilo hilo hufichwa katika makaratasi mengi, na haki haionekani upesi. Leo tunataka kueleza historia yake: namna mabwana wa kazi walivyokata mishahara kwa ajili ya vyombo vya kazi, na namna sheria zilivyowafuata polepole. Mfano wetu mkubwa utakuwa ule wa mashofere wa Marekani, lakini mzizi wa mambo ni wa zamani kuliko kamio.

Mashine za soksi

Katika karne ya 19, nchini Uingereza, pande za Nottingham na Leicester, walikaa maelfu ya mafundi wa kufuma soksi. Walifanya kazi nyumbani mwao kwa mashine za mkono. Wengi hawakuwa na mashine yao wenyewe. Ilikuwa mali ya tajiri, ama ya msimamizi aliyewaletea nyuzi. Siku ya malipo ilipofika, msimamizi alihesabu soksi, akataja mshahara, kisha akatoa humo kodi ya mashine. Kodi ilikatwa hata katika juma ambalo kazi ilikuwa kidogo.

Basi tazameni matokeo yake. Matajiri wengine waliona kwamba kodi ya mashine inawapa faida ya hakika kuliko soksi zenyewe. Kwa hiyo, badala ya kumpa fundi mmoja kazi ya kutosha, waliigawa kazi hiyo ndogo kwa mafundi wengi, ili kodi ziwe nyingi. Familia ilikaa na njaa mbele ya mashine, na mashine ilikula kwanza. Katika miaka ya 1844 na 1845 serikali ilituma mtu kuchunguza taabu za mafundi hao. Hata hivyo walingoja karibu miaka 30 tena: mwaka 1874 ndipo sheria ilipokataza kabisa kodi ya mashine kukatwa katika mshahara wa wafuma soksi.

Kabla ya hapo, mwaka 1831, sheria nyingine ya Uingereza iliwaamuru mabwana wa kazi kulipa mshahara kwa fedha, wala si kwa vitu vya dukani. Sheria hiyo iliacha nafasi kwa makato machache, kama vile chakula cha farasi anayetumiwa kazini. Lakini yalitakiwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mfanya kazi, na bei isipite bei ya kweli. Majani ya farasi ya siku zile ndiyo mazuti ya siku zetu. Mwaka 1887 sheria ilienezwa kwa watu wengi zaidi, na mwaka 1896 iliongezwa kwamba makato ya adhabu au ya kitu kilichoharibika lazima yawe ya haki na ya kiasi.

Tena katika miaka hiyo, mwaka 1891, Papa Leo wa XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanya kazi. Wengine walikuwa wakisema: mtu akikubali mshahara kwa hiari yake, haki imetimia. Papa aliwakatalia. Alifundisha kwamba juu ya mapatano kuna haki ya asili: mshahara usipungue kiasi cha kumlisha mfanya kazi mwenye kiasi na adabu, naye akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu, ameonewa. Tulishike neno hilo, maana litaturudia katika safari yetu.

Kamio za Marekani

Tangu mwaka 1935 serikali ya Marekani iliangalia kwa ukali biashara ya kuchukua mizigo kwa kamio. Mwaka 1980, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kulegeza masharti hayo. Makampuni mapya yakawa mengi, bei ya kuchukua mizigo ikashuka, na makampuni yakatafuta njia ya kupunguza gharama. Njia moja ilikuwa kumwambia shofere: «Wewe si mwajiriwa wetu, wewe ni mfanya biashara unayejitegemea.» Kwa neno hilo moja, kamio, mazuti, bima na matengenezo vikawa mzigo wa shofere.

Shida hiyo ilionekana wazi katika bandari za Los Angeles na Long Beach, jimbo la California. Moshi wa kamio kuukuu ulikuwa unawaumiza wakaaji. Kwa hiyo tangu mwezi wa Oktoba 2008 bandari zilianza kuzikataza kamio za zamani. Lilikuwa jambo jema. Lakini nani atanunua mpya? Los Angeles ilitaka makampuni yawaajiri mashofere na kubeba gharama hiyo. Makampuni yalienda kortini, na mwaka 2011 korti ya rufani ikakiondoa kifungu hicho. Makampuni mengi yalinunua kamio na kuwakodisha mashofere, kwa ahadi kwamba siku moja zitakuwa mali yao. Kodi ikakatwa kila juma.

Mwaka 2017 gazeti la USA Today lilichapisha uchunguzi wake juu ya mashofere hao. Mmoja wao, baada ya juma zima la kazi, alibakiwa na senti 67. Ndiyo, senti, si dola. Aliposhindwa kulipia matengenezo, kampuni ilimfukuza na kuichukua kamio, pamoja na dola 78,000 alizokwisha kulipa. Je, tunamwona hapa yule fundi wa soksi? Mashine imebadilika, hesabu ni ile ile.

Korti na sheria

Mashofere hawakukaa kimya. Mwaka 2018 Korti Kuu ya California, katika kesi ya kampuni Dynamex, iliweka kipimo hiki: mtu ahesabiwe mwajiriwa, mpaka kampuni ithibitishe kwamba haimtawali katika kazi, kwamba kazi yake si sehemu ya kazi ya kawaida ya kampuni, na kwamba kweli ana biashara yake mwenyewe. Kipimo hicho kikawa sheria tangu tarehe 1 Januari 2020. Na katika jimbo hilo, akiwa mwajiriwa, bwana wa kazi hulazimika kumrudishia gharama alizotoa kwa ajili ya kazi.

Mwezi wa Januari 2019, Korti Kuu ya nchi yote iliamua kesi ya shofere mmoja na kampuni New Prime. Kampuni ilisema kwamba kwa mapatano yake hana ruhusa ya kwenda kortini. Waamuzi wote 8 waliohukumu walimpa haki shofere. Baadaye kampuni ilikubali kulipa dola milioni 28 kwa mashofere walioungana katika kesi hiyo.

Lakini tuseme ukweli wote. Si kila shofere aliifurahia sheria mpya. Mwezi wa Julai 2022 wengi walifunga njia za bandari ya Oakland, kwa hofu ya kupoteza uhuru wao. Hao walikuwa na kamio zao wenyewe. Walichagua mizigo, walichagua siku. Kwao kamio ilikuwa mali kweli. Kumbe kukodi chombo si kosa, wala kununua kwa mkopo si kosa. Shofere wa teksi kwetu anayempelekea mwenye gari fedha kila jioni anajua jambo hilo.

Kosa liko wapi, basi? Liko pale ambapo mmoja anaamuru na mwingine analipa. Bwana akichagua mzigo, njia, saa na bei, kisha hasara zote zikamwangukia shofere, huyo shofere hajitegemei: ameachiwa gharama za bwana bila mamlaka ya bwana. Sahihi yake kwenye karatasi haibadilishi neno hilo, ikiwa aliitia kwa sababu ya njaa ya watoto.

Ninyi wasomaji wenye watumishi, hata mmoja tu, fanyeni hesabu hii siku ya malipo: baada ya makato yote, je, mtu huyu ataweza kula mpaka siku ya malipo itakayofuata? Nanyi mnaotafuta kazi, someni mapatano kabla ya kutia sahihi, au mwombeni mtu awasomee. Ulizeni mambo matatu: kiasi gani kitakatwa, kwa muda gani, na siku ya kuacha kazi chombo kitabaki kwa nani.