Mbwa wa kununua au wa kuchukua bure? Gharama halisi kwa mfugaji wa Samuye

Samuye, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, mbwa wengi hawajawahi kupangiwa bei. Jike la jirani likizaa, watoto wanagawiwa: mmoja kwa shemeji, mmoja kwa mwenye mbuzi, mmoja anabaki. Hakuna risiti wala kadi ya chanjo.

Mjini mambo yamebadilika. Matangazo ya watoto wa German Shepherd, Rottweiler na Boerboel yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram, na bei wanayotajiwa watu inaweza kulingana na ya mbuzi kadhaa, wakati mwingine hata ng'ombe. Swali linalobaki kwa familia inayotaka mlinzi wa boma ni moja: hela hiyo inanunua nini ambacho yule wa jirani hana?

Kwa ufupi

- Bei ya kumnunua mbwa ni ya siku moja. Kumlisha na kumtibu ni kwa miaka 10 au zaidi.
- Mbwa wa bure asiyechanjwa anaweza kuwa ghali kuliko wote, maana gharama yake inaweza kuangukia maisha ya mtoto.
- Mbwa mkubwa wa kigeni anakula karibu mara mbili ya mbwa wa kienyeji.
- Kinachotenganisha mbwa mzuri na mbaya kwa mfugaji ni kadi ya chanjo na malezi, kabla ya jina la aina yake.

Kwa nini wa kununua anazidi kupanda bei?

Sababu ya kwanza ni ulinzi. Kwenye ukanda wa Shinyanga, Kahama na Geita hela ya dhahabu inatembea. Mwenye duka, mwenye karasha na mwenye nyumba mpya wote wanataka mbwa ambaye mwizi akimwona tu anageuza. Umbo kubwa na masikio yaliyosimama vinauza.

Hofu ya wizi si ngeni huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na uporaji ulipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu walinde vijiji vyao wenyewe. Mbwa wa boma alikuwepo kabla ya hapo na bado yupo, akibweka usiku fisi au mgeni asiyejulikana anaposogelea zizi.

Sababu ya pili ni gharama za mfugaji anayezalisha. Chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo, dawa za kupe na chakula cha pakiti kwa sehemu kubwa vinatoka nje. Dola moja iliyokuwa takriban Sh2,300 mwanzoni mwa 2023 ilivuka Sh2,600 kufikia katikati ya 2024. Shilingi ikishuka hivyo, dozi inapanda, na anayeuza mbwa anamwachia mnunuzi mzigo huo.

Sababu ya tatu ni nasaba. Nchini Kenya kuna East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa asili moja na kuwapa vyeti. Mbwa mwenye cheti bei yake ina maelezo. Tatizo ni kwamba wengi wanaouzwa mtandaoni hawana cheti chochote. Chotara anaitwa "pyua", mnunuzi analipa bei ya pyua, na mbwa akifikisha miezi minane ndipo sura halisi inajitokeza.

Tanzania haiko peke yake. Uingereza, wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya corona mwaka 2020, bei za watoto wa mbwa zilipaa kwa sababu kila mtu alitaka mwenza wa nyumbani. Mwaka huohuo, tarehe 6 Aprili, sheria inayojulikana kama Lucy's Law ilianza kutumika England: madalali walikatazwa kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Anayetaka anakwenda kwa mfugaji mwenyewe, au kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Wazo hilo linafaa hata Samuye: usinunue mtoto wa mbwa bila kumwona mama yake.

Kuasili mbwa ni nini, na kunapatikana wapi?

Kuasili ni kumchukua mbwa aliyetupwa, aliyepotea au aliyeteswa, baada ya kituo kumtibu. Kwa kawaida vituo vya aina hii humchanja mbwa, humpa dawa za minyoo na kumfunga kizazi kabla ya kumtoa. Anayemchukua huulizwa maswali, husaini makubaliano, na huenda akachangia kiasi fulani. Mchango huo haulingani na bei ya soko, kwa sababu kituo hakifanyi biashara.

Kwa Afrika Mashariki, KSPCA ya Nairobi ina historia inayoanzia 1910. Tanzania ina Mbwa wa Africa upande wa Arusha, TAWESO Dar es Salaam na ZAASO Zanzibar.

Ukitazama ramani, tatizo linaonekana. Mtu wa Samuye anayetaka mbwa wa kituo cha Arusha atapita Tinde, Nzega, Singida na Babati kwanza. Nauli, mafuta na kibali cha kumsafirisha mnyama vinaweza kula faida yote ya kuasili.

Kwa hiyo, kuasili kwa mtu wa Shinyanga kuna sura nyingine: kumchukua mtoto wa mbwa wa jirani ambaye angetupwa porini, au mbwa mkubwa aliyeachwa na mwenyewe aliyehama. Anapatikana bila hela, ila kazi ambayo kituo kingeifanya, yaani chanjo, minyoo na kufunga kizazi, inamhamia anayemchukua.

Hesabu ya sufuria

Hapa ndipo wengi wanashtuka. Tuchukue mbwa wa kienyeji wa kilo 15. Akipewa gramu 200 za unga wa mahindi na gramu 50 za dagaa kwa siku, kwa mwaka anamaliza kilo 73 za unga na kilo 18 za dagaa.

German Shepherd wa kilo 30 hivi anahitaji karibu gramu 350 za unga na gramu 100 za dagaa kwa siku. Kwa mwaka hizo ni kilo 128 za unga na kilo 36 za dagaa.

Zidisha kwa bei ya sokoni kwako, kisha zidisha kwa miaka 10. Yule mdogo peke yake atakuwa amekula kilo 730 za unga. Makombo, ukoko na mabaki ya buchani vinapunguza hesabu, lakini mbwa mkubwa hawezi kuishi kwa ukoko tu. Mbwa aliyenunuliwa kwa hela nyingi kisha akakondeana mifupa ikaonekana halindi kitu.

Tahadhari moja: mahindi yaliyoota ukungu ambayo watu wameyakataa yasipelekwe kwa mbwa. Sumukuvu inamharibu ini na kumuua.

Kuna pia gharama ya kupe. Mbwa wa kienyeji wamezoea mazingira ya huku. Wale wa kigeni mara nyingi huugua vibaya homa zinazoletwa na kupe, na kwenye boma lenye ng'ombe na mbuzi kupe hawakosekani. Dawa ya kuogesha inakuwa matumizi ya kudumu.

Chanjo ndiyo bei yenyewe

Kichaa cha mbwa kinaua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), wengi wao Afrika na Asia. Kwa binadamu, karibu maambukizi yote, asilimia 99, yanatoka kwa mbwa. Utafiti uliochapishwa 2002 ulikadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka Tanzania pekee. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoogopa kusema wameng'atwa.

Dalili zikishaanza, kwa kawaida mgonjwa haponi. Ndiyo maana mbwa wa bure bila chanjo anaweza kuigharimu familia kitu ambacho hakilipiki.

Ratiba ya kawaida ya mtoto wa mbwa iko hivi:

- Wiki 2 na kuendelea: dawa ya minyoo, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu.
- Wiki 6 hadi 8: chanjo ya mchanganyiko ya distempa na parvo, irudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16.
- Miezi 3: chanjo ya kichaa cha mbwa, irudiwe baada ya mwaka. Kampeni ya chanjo ikifika kijijini, hata walio wadogo zaidi wapelekwe.

Distempa nayo isidharauliwe. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ukaelekeza chanzo kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi.

WHO inasema mnyororo wa kichaa cha mbwa unakatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Maana yake mbwa mmoja wa laki kadhaa aliyechanjwa ndani ya geti hausaidii mtaa wenye mbwa hamsini wasiochanjwa. Dozi ya jirani nayo inakuhusu.

Pa kuanzia ni kwa ofisa mifugo wa kata au kijiji. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na baadhi ya halmashauri huchanja bila malipo kipindi hicho. Ni hela ambayo haina sababu ya kuachwa ipite.

Jike la bure

Watu wengi wanaokabidhi mbwa bure hukabidhi majike. Dume ndilo linalogombewa. Jike lisilofungwa kizazi linabeba mimba kwa siku 63 hivi na linaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Likizaa watoto watano kila mara, ni mbwa 10 kwa mwaka kutoka boma moja.

Hao kumi ndio wanaotupwa kwenye majalala na pembezoni mwa barabara, na baadaye wanaitwa mbwa koko na kupigwa risasi wanapoonekana tishio. Kumfunga kizazi ni gharama ya mara moja. Upasuaji huo ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na mnyama apewe dawa ya usingizi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza ukatili. Kumfunga mbwa kwa waya juani bila maji, ili "awe mkali", kunaangukia hapo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 nayo inagusa udhibiti wa magonjwa kama kichaa cha mbwa. Halmashauri zinaweza kuwa na sheria ndogo zake kuhusu mbwa wanaozurura, hivyo ofisi ya kata iulizwe.

Kabla ya kutoa hela, au kumbeba

1. Muone mama yake alipo. Muuzaji anayetaka mkutane stendi ana jambo.
2. Usimchukue kabla ya wiki nane. Akiachishwa mapema anaugua na anajifunza kung'ata.
3. Omba kadi ya chanjo yenye tarehe, stika ya chupa ya dawa na saini. Maneno "ameshachanjwa" hayatoshi.
4. Mtazame macho, pua na sehemu ya haja. Tongo, makamasi au kuhara ni dalili za kumwacha.
5. Usitume hela kwa simu kabla ya kumwona. Picha inaibwa kirahisi.
6. Mkubwa wa kuchukuliwa aangaliwe anavyokaa na watoto na kuku. Aliyezoea boma tayari anaweza kukuondolea miezi ya kumfundisha.
7. Piga hesabu ya sufuria kabla ya hesabu ya bei. Isipokubali, chagua mdogo au subiri.

Mtu aking'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upewe chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa, na usipake majani wala mafuta ya taa. Mbwa akijulikana, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, na ofisa mifugo ajulishwe.

Basi yupi?

Kwa mwenye biashara mjini anayeweza kulisha, kuogesha na kutibu, mbwa wa kununua mwenye kadi na cheti ana nafasi yake. Kwa boma lenye mbuzi sita na mahindi ya kuhesabu, wa kienyeji aliyechukuliwa kwa jirani, akachanjwa na kulishwa vizuri, atabweka usiku ule ule fisi akija.

Kipya kinyemi, wahenga walisema. Wiki ya kwanza kila mtoto wa mbwa anapendwa. Hela ambayo familia ingempa dalali itafika mbali zaidi ikiwekwa kwenye chanjo, kufunga kizazi na unga wa mwezi ujao.