Njombe Kaskazini: jimbo lililofutwa, hoja iliyobaki

Uchaguzi wa 2015 ulilifuta jina la Njombe Kaskazini. Makambako ikawa jimbo la peke yake, Lupembe na mashamba yake ya chai ikawa jingine. Njombe Kusini ya Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, ikaitwa Njombe Mjini.

Kugawanya kulikuwa na maana. Makambako ni mji uliokuzwa na reli ya TAZARA na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, ambayo hapo hapo inachepuka kwenda Njombe na Songea. Malori ya mahindi, viazi na mbao hukutana kwenye njia panda hiyo. Shida za mji kama huo, maji, stendi na viwanja, si za mkulima wa chai wa Lupembe anayehangaika na barabara ya udongo masika yakianza.

Ila Njombe Kaskazini ilitupatia kubwa kuliko mipaka: Jackson Makwetta, mbunge wake kwa miongo kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alimkabidhi uenyekiti wa Tume ya Rais ya Elimu. Taarifa ya tume hiyo ya 1982 ilitaka Kiswahili kitumike kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985, kisha kiendelee hadi chuo kikuu ifikapo 1991/92. Serikali ikakataa. Agosti 1983 aliyelieleza taifa kwamba sekondari zitabaki na Kiingereza alikuwa Makwetta mwenyewe, safari hii kama Waziri wa Elimu. Anayemwita kigeugeu anamwonea: waziri husema lililoamuliwa na serikali nzima. Walioumia ni watoto, wa Lupembe wakiwemo, walioendelea kukariri fizikia kwa lugha wasiyoisikia nyumbani wala sokoni.

Mwaka 2010 kiti cha Makwetta kilikwenda kwa Deo Sanga, maarufu Jah People, ambaye 2015 akawa mbunge wa Makambako. Makwetta alifariki Novemba 2012, mwaka ule ule Njombe ilipokuwa mkoa. Februari 2015 Rais Kikwete akazindua Sera ya Elimu ya 2014, iliyokitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote. Hata hivyo, mitihani ya kidato cha nne ikaendelea kwa Kiingereza.

Ili hoja hiyo isisahaulike, taarifa ile ya 1982 ichapwe upya, na nakala za kwanza ziende maktaba za sekondari za Makambako na Lupembe.