Hati Zisizosomeka: Tatizo ni Wajuaji au ni Kufuli?

Chukua simu yako. Hata ukiwa hapo Malampaka unasubiri treni ya Mwanza, kwa bando la siku moja unaweza kufungua hati ambayo hakuna mtu duniani aliyethibitisha kuisoma. Inaitwa hati ya Voynich. Ina kurasa zaidi ya 200 za ngozi, michoro ya mimea isiyojulikana, na maandishi ya herufi ambazo hazionekani kwingine kokote. Muuza vitabu Wilfrid Voynich aliinunua mwaka 1912, na tangu 1969 iko katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Yale wameweka picha zake mtandaoni. Bure, bila kuulizwa wewe ni nani.

Matokeo yake unaweza kuyakisia. Kila baada ya muda anatokea mtu na kusema, "Nimeisoma!" Mmoja anasema ni Kilatini kilichofupishwa, mwingine anasema ni Kituruki cha kale. Wataalamu wanachoka, na wengine wanauliza: kuwafungulia watu wote mlango kumeleta elimu, au kumeleta kelele tu?

Swali hilo ni la haki. Ila kabla hatujawalaumu wasio na vyeti, tumtazame aliyekuwa navyo.

Mwaka 1921 William Newbold, profesa wa falsafa Marekani, alitangaza kwamba hati ya Voynich ni kazi ya Roger Bacon, mtawa msomi wa Uingereza wa karne ya 13. Alidai kila herufi ina vistari vidogo mno vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia, na kwamba ndani ya vistari hivyo ndimo ilimo siri. Mwaka 1931 msomi mwenzake, John Manly, alionyesha kuwa vile vistari ni nyufa tu za wino uliokaukia kwenye ngozi. Baadaye kipimo cha kaboni kilionyesha kuwa ngozi yenyewe ni ya kati ya 1404 na 1438, yaani Bacon alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 100.

Nadharia hiyo ilichukua miaka 10 kuangushwa hadharani. Sasa linganisha na mwaka 2019. Mtafiti mmoja wa Bristol, Uingereza, alitangaza kuwa ameifumbua hati hiyohiyo. Wataalamu wakapinga, na ndani ya siku chache chuo kikaondoa tangazo lake. Kwa nini haraka hivyo? Sababu moja ni kwamba aliyetaka kumpinga alikuwa na kurasa zilezile mbele yake. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa huingiza kelele, kweli, lakini huingiza pia wa kuzinyamazisha.

Je, mlango ukifungwa? Hapo tuna mfano wa Linear B, mwandiko uliochorwa kwenye vibao vya udongo. Arthur Evans alivikuta vibao vingi huko Knossos, kisiwa cha Krete, kuanzia mwaka 1900. Alitaka avifumbue yeye, akavikalia. Alipofariki mwaka 1941 sehemu kubwa ilikuwa haijachapishwa. Miaka 40 watu wakabaki wanabahatisha kwa vibao vichache. Wahenga walishasema: mficha uchi hazai.

Aliyefumbua fumbo hilo hakuwa profesa. Michael Ventris alikuwa msanifu majengo. Lakini usidhani aliota ndoto usiku akaamka na jibu. Alitumia msingi uliowekwa na Alice Kober, mwalimu wa chuo kule New York, aliyepanga alama hizo kwenye kadi kwa maelfu mpaka akaona maneno yanayobadilika miisho. Alitumia pia vibao vya Pylos, Ugiriki, vilivyochapishwa na Emmett Bennett mwaka 1951. Na kila hatua aliyopiga aliiandika, akawatumia nakala wasomi wengine ili wamkosoe. Yeye mwenyewe aliamini lugha iliyofichwa ni Kietruski. Ushahidi ulipomwonyesha kuwa ni Kigiriki, mwaka 1952, aliiacha imani yake.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1953 mwanaakiolojia Carl Blegen alichukua ufunguo wa Ventris na kuujaribu kwenye kibao kipya kutoka Pylos ambacho Ventris hakukitumia kuutengeneza. Kibao kilikuwa na michoro ya vyombo. Palipochorwa chombo chenye mikono minne, neno lilisomeka "mikono minne". Penye mitatu, "mitatu". Pasipo na mkono, "bila mkono". Mabishano mengi yakaishia hapo.

Kipimo ndicho hicho, na hakiulizi cheti: mpe mtu mwingine ufunguo wako, akasome ukurasa ambao wewe hukuugusa. Ukifanya kazi mikononi mwake, una nadharia. Ukifanya kazi mikononi mwako tu, una ndoto.

Sasa turudi nyumbani, maana na sisi tuna hati zisizosomeka. Za kwetu lugha yake tunaijua. Ni Kiswahili! Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na leo ziko katika hifadhi ya nyaraka huko Goa, India.

Ugumu wake uko hivi. Kiarabu hakina herufi ya "p" wala "g" ya kwetu, na kina alama tatu za irabu wakati sisi tuna irabu tano. Katika mwandiko wa zamani herufi moja ilibeba "b", "p" na "mb", nyingine ikabeba "gh", "g" na "ng", na alama moja ikawa "u" na "o" pia. Kwa hiyo "mbingu", "pingu" na "pigo" yangeweza kuandikwa sawasawa kabisa. Utajuaje mwandishi anasifu mbingu au analia na pingu? Ni kwa muktadha, kwa vina na mizani kama ni shairi, na kwa sikio la mtu aliyezaliwa na lugha.

Sikio hilo ndilo William Taylor, mmisionari wa Mombasa, alilolihitaji mwishoni mwa karne ya 19 alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Alilipata kwa Mwalimu Sikujua, mshairi wa Mombasa, ambaye pia alirekebisha herufi ili sauti za Kiswahili zitofautike. Leo karatasi za Taylor ziko SOAS, London. Miswada mingine iliyokusanywa na J.W.T. Allen iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Angalia basi nani anaweza kusoma nini. SOAS wameweka picha za miswada ya Kiswahili mtandaoni, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini mswada wowote ambao bado uko kabatini tu unasomwa na mwenye nauli na barua ya utambulisho. Mwanafunzi wa Simiyu hana vyote viwili. Ila ana kitu ambacho wasomi wengi wa ng'ambo walihangaika miaka kukipata: Kiswahili chenyewe. Na kama amepita madrasa, hata herufi anazo tayari.

Ndiyo maana suala la kufungua hati hizi si hisani kwa wapenda mafumbo. Kila mswada uliofungiwa umepoteza msomaji ambaye angegundua kwamba "pingu" iliyochapishwa kitabuni ilikuwa "mbingu".

Kwa hiyo ukitaka kujaribu Voynich, jaribu tu, hakuna atakayekuzuia. Lakini ukimaliza, fungua ukurasa mmoja wa mswada wa Kiswahili. Andika unavyousoma, herufi kwa herufi, na pale ulipobahatisha weka alama. Kisha mpe mwenzako ausome bila kuona jibu lako. Mkitofautiana, hapo ndipo kazi inapoanza.