Kuta, kisiwa cha Bali: wimbi lenye kuvunjika juu ya mchanga, na watu wenye kuishi kwa hilo

Kuta ni pwani ya mchanga kwenye kisiwa cha Bali, katika inchi ya Indonesia. Kila siku, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, watu wanaingia baharini pale na mbao ndefu kwapani. Wanasubiri wimbi, wanalala kifudifudi juu ya ubao, wanapiga maji kwa mikono, kisha wanasimama na wimbi linawabeba mpaka karibu na inchi kavu. Mchezo huo ni serfu, ni kusema kuteleza juu ya mawimbi. Kwa wageni ni furaha ya likizo. Kwa vijana wengi wa Kuta ni kazi: wanakodisha mbao, wanafundisha, wanatengeneza mbao zenye zimevunjika. Na kwa walinzi wa pwani ni kukaza macho majini mchana kutwa, sababu bahari ileile yenye inalisha inaweza kuua.

Kuta iko wapi?

Bali iko zaidi kidogo ya nyuzi 8 kusini ya ikweta, karibu sawa na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Ni joto mwaka mzima, na mwaka unagawanyika kati ya kiangazi na mvua. Wakaaji wa kisiwa wanapita milioni 4. Wengi wao ni Wahindu, hali Indonesia kwa jumla ni inchi yenye Waislamu wengi zaidi.

Kwa desturi ya Bali, mlima ndiyo upande wa juu, upande wa miungu. Bahari ni upande wa chini: inaogopwa, lakini pia inasafisha. Baada ya kuchoma maiti, majivu yanapelekwa baharini. Siku chache mbele ya Nyepi, sikukuu ya kimya, watu wanateremka pwani na nguo nyeupe kwa ibada ya kutakasa vyombo vya hekalu. Siku ya Nyepi yenyewe hakuna mtu kwenye mchanga, hakuna ubao kwenye maji. Hata uwanja wa ndege unafungwa.

Mchezo ulifika namna gani?

Serfu haikuzaliwa Bali. Ni mchezo wa kale wa visiwa vya Pasifiki, zaidi sana Hawaii. Mwaka wa 1936 Wamarekani wawili, Robert Koke na Louise Garrett, walifika Kuta wakajenga hoteli kando ya mchanga, wakaiita Kuta Beach Hotel. Koke alikuwa amejifunza kuteleza kule Hawaii, akaanza kuteleza hapo Kuta na kuonyesha wengine. Mwaka wa 1942, katika vita ya pili ya dunia, Wajapani waliingia Bali. Hoteli ikaisha, na mchezo ukapotea kwa miaka mingi.

Ulirudi mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na vijana wa Australia. Mwaka wa 1969 uwanja wa ndege wa Ngurah Rai, wenye uko kusini tu ya Kuta, ulifunguliwa kwa safari za kimataifa. Mwaka wa 1971 Mwaustralia Albert Falzon alipiga filamu huko Uluwatu, upande wa kusini wa kisiwa. Filamu hiyo, Morning of the Earth, ilitoka mwaka wa 1972, na dunia ikajua kama Bali iko na mawimbi. Vijana wa Kuta walianza kujifunza kwa mbao za wageni, kidogo kidogo, mpaka wakawa wao ndio walimu. Nusu karne kisha, serfu ilipoingia mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, ile ya Tokyo yenye ilifanyika mwaka wa 2021, Indonesia iliwakilishwa na Rio Waida, kijana mwenye alikomalia Bali. Alirudi tena katika michezo ya mwaka wa 2024.

Wimbi linatoka mbali

Mtu mwenye anaishi kando ya Ziwa Kivu ao Ziwa Tanganyika anajua wimbi la upepo: upepo ukivuma, maji yanachafuka, upepo ukitulia, kisha muda maji yanalala. Wimbi la ziwa ni fupi, linafuatana haraka na lingine, na linapiga mtumbwi bila mpango.

Wimbi la Kuta ni la namna ingine. Linazaliwa mbali sana, kusini ya Bahari ya Hindi, kwenye dhoruba kubwa zenye kuzunguka karibu na barafu ya Antaktika. Pale upepo mkali unasukuma maji kwa mamia ya kilometa bila kizuizi. Mawimbi yenye yanatoka pale yanasafiri siku nyingi. Yale yenye kufuatana kila sekunde 15 yanatembea karibu kilometa 1,000 kwa siku. Njiani yanajipanga: marefu yanatangulia, mafupi yanabaki nyuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka asubuhi Kuta, hewa imetulia kabisa, na bado mawimbi makubwa yanafika, moja nyuma ya lingine, kama watu kwenye mstari.

Maji yenyewe hayasafiri. Kinachotembea ni nguvu. Chupa yenye kuelea katikati ya bahari inapanda na kushuka tu wimbi likipita chini yake. Ni karibu na pwani ndipo wimbi linabeba maji kweli, na ni hapo mchezo unaanza.

Mchanga ndio unatengeneza wimbi

Wimbi likifika kwenye maji mafupi, sehemu ya chini inagusa ardhi na kupunguza mwendo, lakini sehemu ya juu inaendelea. Basi wimbi linasimama, linainama mbele, linavunjika. Kwa kawaida hiyo inafanyika wakati kina cha maji ni kidogo tu kuliko mara moja na nusu ya urefu wa wimbi: wimbi la meta 1 linavunjika kwenye kina cha meta 1 na robo hivi.

Pale Uluwatu, chini kuna mwamba wa matumbawe. Mwamba hauhami, kwa hiyo wimbi linavunjika palepale kila siku, na mwenye kuanguka anaweza kuchanwa ngozi. Kuta kwa sehemu kubwa ni mchanga. Chini ya maji kuna mafungu ya mchanga, na bahari inayahamisha. Fungu lenye lilikuwa zuri wiki iliyopita linaweza kutoweka kisha dhoruba moja. Fungu likiwa na umbo zuri, wimbi linavunjika kuanzia upande mmoja na kufunguka polepole kuelekea upande mwingine, na mtelezaji anapata njia mbele yake. Fungu likiwa limenyooka sawasawa na pwani, wimbi lote linaanguka kwa pigo moja, na hakuna pa kwenda.

Maji pia yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti inaweza kupita meta 2. Jambo hilo haliko kwa maziwa ya mashariki ya Kongo. Yakipwa sana, wimbi linaanguka kwa nguvu juu ya mchanga wenye haufunikwi na maji mingi. Yakijaa sana, linachelewa na kuvunjikia karibu na ukingo. Walimu wengi wanachagua saa za katikati.

Upepo nao uko na neno lake. Kuta inaangalia mangaribi. Kati ya mwezi wa 4 na mwezi wa 10, wakati wa kiangazi, upepo unatoka kusini-mashariki, ni kusema kutoka inchi kavu kwenda baharini. Unalainisha uso wa wimbi na kulishika lisianguke haraka. Wakati wa mvua upepo unageuka, unatoka baharini, na mawimbi yanavurugika. Hapo watelezaji wengi wanahamia pwani za upande wa mashariki wa kisiwa.

Mwanafunzi anaanza wapi?

Mchanga ndio umefanya Kuta kuwa shule. Mwenye kuanza anapewa ubao mrefu wa povu laini, karibu meta 2 na nusu, sababu ubao mrefu unaelea vizuri na hauumizi sana ukimpiga mtu. Kamba inafungwa kwenye kifundo cha mguu kusudi ubao usiende kugonga wengine. Mbele ya kuingia majini, mwalimu anamlaza mwanafunzi juu ya mchanga mkavu na kumfundisha kuinuka: mikono chini ya kifua, sukuma, miguu yote miwili kwa mara moja, magoti yamekunjwa, macho mbele. Mwenye kuangalia miguu yake anaanguka.

Siku za kwanza mtu anatumia mawimbi yenye yamekwisha kuvunjika, yale ya povu jeupe, kwenye maji ya kufika kiunoni. Kuna pia sheria za heshima. Wimbi moja, mtu mmoja: mwenye yuko karibu zaidi na mahali linaanza kuvunjika ndiye mwenye haki. Mwenye kurudi ndani anapita pembeni, hapiti mbele ya mwenye kuteleza. Hakuna kuachilia ubao wakati watu wako nyuma. Na mwenye kuanguka anafunika kichwa na mikono, hajitupi kichwa mbele, sababu hajui mchanga uko karibu namna gani.

Mkondo wa kurudi

Hatari kubwa ya pwani ya mchanga haiko wimbi, iko maji yenye kurudi. Maji yote yenye mawimbi yanaleta ukingoni yanatafuta njia ya kutoka, na yanaipata kwenye shimo kati ya mafungu mawili ya mchanga. Pale yanakuwa kama mto mwembamba wenye kwenda baharini. Mingine inakwenda polepole, lakini mkondo wenye nguvu unaweza kupita meta 2 kwa sekunde, na hakuna muogeleaji hata wa Olimpiki mwenye anaushinda.

Unadanganya macho. Mahali pa mkondo mara nyingi panaonekana pametulia: mawimbi hayavunjiki pale, maji yako na rangi nyeusi zaidi ao yamechafuka na mchanga, povu linaelekea nje. Mgeni mwenye hajui anachagua hapohapo kuoga, anaona ndipo salama.

Mkondo hauvuti mtu chini. Unamvuta mbali. Wengi wanaokufa ni wale wenye wanapambana kurudi moja kwa moja mpaka nguvu zinaisha. Walinzi wanafundisha hivi: usipigane, elea, pumua, inua mkono mmoja kuomba msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na pwani mpaka utoke kwenye mkondo, kisha rudi na mawimbi. Mwenye yuko na ubao asiuache. Na mwenye anaona mwenzake anachukuliwa asijitupe majini mikono mitupu. Aite walinzi, amtupie kitu cha kuelea. Mara nyingi mwenye kukimbilia kuokoa ndiye anazama.

Huko Kuta walinzi ni wa Balawista, kikosi cha uokoaji cha pwani za Bali. Bendera zao zinasomwa hivi: nyekundu na manjano, oga kati ya bendera mbili, nyekundu peke yake, usiingie. Watelezaji wenye uzoefu, wao, wanatumikisha mkondo uleule kama barabara ya kuwafikisha nje bila kuchoka.

Mikondo ya namna hii haiko ya bahari peke yake. Imeua watu hata kwenye maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini siku za upepo mkali. Kwa Kongo, pwani ya Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, inapigwa na mawimbi ya mbali kama yale ya Kuta.

Mchanga unaondoka, takataka zinafika

Uwanja wa ndege wenye ulileta wageni ulileta pia shida. Barabara yake ya ndege ilisukumwa mpaka ndani ya bahari, juu ya mwamba, na mwendo wa mchanga kwenye pwani ukabadilika. Kuta ikaanza kuliwa na bahari. Katika miaka ya 2000 serikali ilipashwa kumwaga mchanga mwingine, kazi yenye gharama kubwa, na bado ukingo unaendelea kulika.

Kisha kuna plastiki. Wakati wa mvua, mito inaokota chupa na vifuko vijijini na mijini na kuvimwaga baharini. Upepo wa mangaribi unavirudisha juu ya mchanga wa Kuta. Mwaka wa 2017 watawala walitangaza hali ya dharura ya takataka kwenye sehemu ya pwani hiyo. Tangu mwaka wa 2019 Bali imekataza vifuko, mirija na sahani nyepesi za plastiki, lakini matinga-tinga yanaendelea kusomba takataka pwani kila majira ya mvua. Mkaaji wa Bukavu hahitaji kufafanuliwa sana: plastiki za mji zinateremka ziwani, zinafika Ruzizi, na kuziba mitambo ya umeme.

Riziki yenye kutegemea wageni

Mwaka wa 2019 wageni zaidi ya milioni 6 kutoka inchi za nje waliingia Bali. Lakini Kuta inajua namna mlango unaweza kufungwa. Tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, mabomu yalilipuka usiku kwenye sehemu za starehe za Kuta na kuua watu 202; hoteli zikabaki tupu miezi mingi. Mwaka wa 2020 korona ilifunga mipaka, na mbao zikalala chini ya miti bila mtu wa kuzikodisha. Wakaaji wengi walirudi kwa samaki, kwa mashamba, ao kwa ndugu zao vijijini.

Mawimbi yenyewe hayakusimama hata siku moja. Miezi ile, watoto wa Kuta waliteleza bila kugombania nafasi na mtu.