Sam Ntiro: Mchoraji aliyekuwa pia mwalimu, mwandishi na balozi

HISTORIA ya uchoraji wa kisasa nchini Tanzania haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kulitaja jina la marehemu Sam Joseph Ntiro, msanii ambaye aliitumikia nchi yake kwa brashi, kwa kalamu na kwa diplomasia.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Migomba, masoko, mavuno na sherehe za ndoa alizozishuhudia utotoni ndizo zilizokuja kuwa mada za picha zake kwa maisha yake yote.

Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, na kufundishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo mwaka 1937. Mwalimu huyo hakupenda wanafunzi wake waige kazi za Ulaya. Aliwasimulia kisa au kuwaeleza mandhari fulani, kisha akawaacha wachore kile walichokiona akilini mwao. Mbinu hiyo ilimwathiri sana Ntiro.

Baada ya kufundisha Makerere kwa muda, alikwenda kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Akiwa katika kipindi hicho, mwaka 1953, kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga.

Wengi wangetarajia kwamba masomo ya London yangeubadilisha uchoraji wake. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuchora wanakijiji wakifanya kazi kwa pamoja, aghalabu bila kuonyesha sura zao waziwazi, kwa kuwa kilichomvutia zaidi ni jamii kuliko mtu mmoja mmoja. Wako wahakiki waliomlaumu kwa kutobadilika, wakaziona picha zake kuwa sahili mno. Hata hivyo, mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, Marekani, lilipata picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, wasomi walikuwa wachache na serikali ililazimika kuwatumia popote walipohitajika. Hivyo mchoraji huyo aliteuliwa kuwa balozi nchini Uingereza, wadhifa alioushika hadi mwaka 1964. Baadaye alirejea nyumbani, akashughulikia masuala ya utamaduni serikalini na kufundisha sanaa.

Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, naye aliweka historia alipohitimu Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1954 na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada.

Ntiro alifariki dunia mwaka 1993. Umaarufu wake miongoni mwa wananchi haukufikia ule wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupitia chuo chochote cha sanaa, na ambaye mtindo wake umeenea madukani na mitaani. Kazi za Ntiro hazikupata soko la namna hiyo. Kijana wa leo anayetaka kujua jinsi maisha ya Machame yalivyokuwa katika enzi za mababu zake atazikuta picha hizo zikiwa kumbukumbu ya mtu aliyeyaona kwa macho yake, na ambaye hakuyaacha hata alipokuwa ughaibuni.